Farasi Aliyezungushwa Kushoto

Harufu ilinifikia kabla sijamwona farasi. Nilikuwa bado kwenye kijia kati ya mibuni, nyumba yenyewe sijaiona, na tayari nilikuwa nimeziba pua kwa upindo wa kitenge. Haikuwa harufu ya farasi. Ya farasi naijua na naipenda: jasho, majani makavu, samadi isiyonuka vibaya hata ikiwa mbichi. Hii ilikuwa harufu ya nyama inayooza juu ya kiumbe ambaye bado anapumua.

Nyumba hiyo iko Bwera, juu kidogo ya barabara iendayo mpakani mwa Kongo. Mwenyewe ni mwanajeshi mstaafu, na mtaa mzima humwita afande, mkewe akiwemo. Mwaka uliotangulia alikuwa amemnunua farasi jike wa kijivu kule Kampala, akamleta kwa lori la ndizi, kwa sababu siku hizi huku kwetu sherehe bila kitu cha kupigia picha haihesabiki. Binti yake alikuwa anaolewa baada ya wiki tatu, na afande alitaka bwana harusi aingie uani akiwa juu ya farasi. Tatizo ni kwamba farasi alikuwa haguswi tena. Ukimsogelea na kamba, anasimama kwa miguu ya nyuma. Ndipo nikaitwa.

Kwa nini mimi? Mimi nalima vitunguu na mpunga pale Mubuku, kwenye kipande cha kukodi. Lakini kabla ya vitunguu nilifanya kazi miaka sita katika zizi la farasi nje kidogo ya Kampala. Niliajiriwa kufagia, nikatoka ninajua kumfundisha farasi kutoka chini, yaani bila kumpanda, kwa kamba ndefu. Mama alipougua nilirudi Bulembia nilikozaliwa, na kwa kuwa wilaya yetu ya Kasese haina siri, kila mtu alijua kazi niliyoiacha. Sokoni walikuwa wakiniuliza, "Dada wa farasi, leo umekuja kwa miguu?"

Nieleze kidogo kuhusu hiyo kamba, maana wengi hawajawahi kuona jambo hili, na si gumu kama linavyoonekana. Unachukua kamba laini ya urefu wa hatua kumi hivi, unaifunga kwenye hatamu ya kichwani. Unasimama katikati, farasi anakuzunguka. Mkono mmoja una kamba, mwingine una fimbo ndefu nyembamba ambayo kazi yake ni kuonyesha njia, si kupiga. Ukisimama usawa wa mkia wake, anaenda mbele. Ukisogea usawa wa bega lake, anapunguza mwendo. Ukishusha mabega yako mwenyewe na kutoa pumzi, anasimama. Sikio lake la ndani likikugeukia, anakusikiliza. Akianza kutafuna bila kitu mdomoni na kuramba midomo, kuna jambo ameliwaza akalielewa. Unampa dakika kumi upande wa kushoto na dakika kumi upande wa kulia, kisha unamsugua shingo na kumwacha aende zake. Mtu yeyote mwenye subira anaweza kujifunza, na nikisema yeyote ninakuhesabu na wewe unayesoma.

Afande alikuwa amejifunza nusu ya jambo hilo kwenye simu. Aliona mtu, kamba, na mnyama anayekimbia duara. Nusu nyingine akaijaza kwa kile alichokijua. Jeshini alikuwa mkufunzi wa makuruta, na kuruta akikosea anakimbia kuzunguka uwanja mpaka atapike. Basi kwake yeye duara ni adhabu. Farasi akipiga kwato mlangoni, duara. Akikataa kupandwa na mgeni, duara. Akikojoa mbele ya wageni, duara.

"Unaona hii kitu?" aliniambia siku hiyo ya kwanza, amesimama na viatu vya buti vilivyong'arishwa. "Haina nidhamu. Mimi nilifundisha watu walikuja kutoka kijijini hawajui hata kuvaa kiatu. Kwa miezi sita wanatembea kama mashine. Sasa hii moja inanishinda?"

"Anaumwa, afande."

"Inajifanya."

Nilimsogelea polepole kutoka ubavuni, nikiongea. Alikuwa amefungwa kwenye mti wa mparachichi kwa kamba fupi. Duara lake lilikuwa nyuma ya nyumba, njia iliyochimbika mpaka mawe yakatokeza kama meno. Kwato zake za upande wa kushoto zilikuwa zimelika kwa ndani, za kulia zikiwa ndefu na zimepasuka. Mwili wote ulikuwa umepinda kidogo, kama kikapu kilichokaliwa. Sikuelewa bado kwa nini. Kilichonivuta macho ni pua.

Juu ya mfupa wa pua, chini ya hatamu, afande alikuwa amefunga waya. Waya wa kawaida wa seng'enge, uliozungushiwa kipande cha gunia ili usionekane. Kamba ikivutwa, waya unabana. Gunia lilikuwa limeingia ndani ya kidonda na ngozi ikaanza kuota juu yake. Nilipoinua ukingo kwa kucha, usaha ulimwagika kwenye kidole changu, na ndani niliona funza wakijikunja, weupe, wanene, wakila bila haraka. Nzi walitoka kwenye kidonda, wakapanda usoni mwangu, wakatua kwenye midomo yangu. Nilitema. Nikatema tena. Hata leo nikila wali na kuona punje moja imesimama peke yake, naweka kijiko chini.

Nyuma yangu alikuwa amesimama mwanamume aliyekuwa akimlisha farasi yule, mkimbizi kutoka upande wa Beni, huko Kongo, mtu mzima, zamani dereva wa malori. Nilimwita papa, naye aliniita mama, kama kwao wanavyoitana. Alisema kwa sauti ya chini, "Mama, mimi nilimuambia. Nilimuambia hii waya iko mubaya. Akasema mimi ni mukimbizi, nikule ninyamaze."

Sasa, mtu angefanya nini? Ningeweza kumkemea afande. Nilikuwa na maneno tayari, tena makali. Lakini alikuwa ameshasema jambo lingine, kwa wepesi kama mtu anayezungumzia mvua: "Ikishindwa siku ya harusi, ikiniaibisha mbele ya wakwe, nachinja. Mbwa watakula." Na kila mtu pale alijua kwamba hasemi mzaha. Nikimuudhi, atanifukuza, na farasi atabaki na waya wake mpaka siku hiyo, na siku hiyo atasimama kwa miguu ya nyuma, na basi.

Nikayameza maneno. Nikasema, "Afande, wapiga picha watakuja wangapi?"

"Wawili. Na ile ndege ndogo ya kupiga kutoka juu."

"Basi waya huu utaharibu picha. Usaha unang'aa. Bibi harusi akimsogelea, damu itaonekana kwenye shela yake."

Akafikiri. Akainama, akaangalia, akakunja uso, si kwa huruma bali kwa kinyaa. "Toa," akamwambia papa. "Toa sasa hivi. Hii ni uchafu gani mnaniwekea hapa?"

Mnaniwekea. Nilitaka kumtapikia buti.

Tuliukata waya kwa koleo, tukaondoa gunia uzi kwa uzi kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, tukatoa funza kwa kijiti, tukapuliza ile dawa ya zambarau ya mifugo. Ilituchukua asubuhi nzima. Farasi alitetemeka lakini hakutupiga. Niliutupa waya chooni kwa mkono wangu, nikasikia unavyotua.

Baada ya siku nne, kidonda kikiwa kimeanza kukauka, nilimfunga kamba ndefu kwa mara ya kwanza. Hatamu ilikuwa ya kitambaa, imeshikizwa mbali na kidonda. Nilichagua uwanja mwingine, penye nyasi, ili asilione lile duara la mawe. Kamba yenyewe ilipotoka begani kwangu, jasho lilimtoka shingoni papo hapo. Hakuwa amepiga hata hatua moja. Akaanza kukimbia peke yake, kushoto, kichwa juu, weupe wa macho ukionekana, bila kuambiwa. Nilishusha fimbo chini. Nikashusha mabega. Nikatoa pumzi. Hakusimama. Kwa nini asimame? Hajawahi kuambiwa kwamba jambo hili lina mwisho isipokuwa kuanguka.

Nilisubiri. Mzunguko wa kumi, wa ishirini. Alipochoka akapunguza, nikarudi nyuma hatua mbili na kumsifu. Akasimama, akanitazama kana kwamba nimesema kwa lugha ya kwao. Hapo nikamaliza somo. Ukianza kumfundisha mnyama aliyeumizwa, tafadhali kumbuka hili: ukiona dalili ndogo kabisa ya unachokitaka, acha hapo hapo. Kuacha ndiyo zawadi. Watu wengi hushindwa hapa kwa sababu ya tamaa, wakiona dalili wanataka nyingine. Usijilaumu ukikosea mara moja mbili, sote tulikosea.

Siku iliyofuata nikataka aende kulia. Hakuweza. Sisemi alikataa, hakuweza. Nilibadilisha mkono, nikaonyesha, akachukua hatua mbili, miguu ikagongana, akageuka mwenyewe kurudi kushoto akitetemeka. Ndipo nikaelewa kwato zilizolika na mwili uliopinda.

"Papa," nikauliza, "afande humzungusha upande gani?"

"Ule tu. Kushoto. Kila siku kushoto."

Nilimwendea afande barazani. Alikuwa anakunywa chai ya maziwa, redio mapajani.

"Afande, kwa nini kushoto peke yake?"

Alinitazama kwa huruma kama mtu anayeulizwa kwa nini jua linatoka. "Madamu, jeshi inaanza na mguu wa kushoto. Kushoto, kulia, kushoto, kulia. Uwanja tunazunguka kwa kushoto. Hakuna kuruta aliyewahi kuzunguka kwa kulia. Ungemuona, ungesema ni mwendawazimu."

Mwaka na zaidi. Saa nzima kwa siku, wakati mwingine mbili, juu ya mawe, upande mmoja tu, kwa sababu makuruta huanza na mguu wa kushoto. Nilishika nguzo ya baraza. Kulikuwa na utando wa maziwa kwenye sharubu zake, na nilipouona niligeuka nikatazama milima.

Farasi si kama sisi katika jambo hili. Alichokiona kwa jicho la kushoto, ni kama jicho la kulia halikijui. Ukimfundisha upande mmoja, umemfundisha nusu ya farasi, na nusu nyingine bado ipo porini. Kwa hiyo tulianza upya na nusu hiyo. Hatua tatu kulia, pumzika. Kesho hatua saba. Kila mara kabla ya kubadilisha nilisogea kuelekea bega lake na kusema "kulia" kwa sauti ndefu ya upole. Katika wiki ya pili alizunguka mzunguko mzima upande wa kulia bila kujikwaa, akateremsha shingo, akaanza kutafuna na kuramba midomo. Papa alipiga makofi.

"Angalia mama! Iko anakula maneno yako!"

"Usipige kelele, papa."

"Hapana, mama, acha nifurahi. Toka nitoke Beni sijaona kitu inapona."

Tulianza kumzoesha kupandwa. Papa alikaa mgongoni, mimi na kamba. Farasi hakuinuka hata mara moja.

Ikafika Ijumaa, siku moja kabla ya harusi. Nilichelewa Mubuku kwa sababu ya zamu ya maji ya shamba, nikafika Bwera mchana. Nikasikia kicheko kabla ya kufika, kicheko cha wanaume wengi. Nikakimbia.

Nyuma ya nyumba, kwenye lile duara la mawe, afande alikuwa katikati na kamba yangu mkononi. Wenzake wastaafu watano walikuwa kwenye viti vya plastiki, chupa chini ya viti, mifupa ya mbuzi imetupwa kwenye nyasi na mbwa wakigombania. Farasi alikuwa anakimbia. Kushoto. Povu limemjaa kifuani, dawa ya zambarau imechanganyika na damu mpya inayotiririka hadi puani. Papa alikuwa kando, mikono kichwani.

"Kutoka saa nne," akaninong'oneza. "Anasema anahakikisha."

Mmoja wa wale wenzake, mnene, mdomo unameta mafuta, alinyoosha mfupa na kupaza sauti, "Afande! Hii kuruta yako itakufa kabla ya kuapa!" Wakacheka, na mwingine akacheka mpaka akatema kipande cha nyama kwenye suruali yake, akakiokota, akakila.

Farasi alijikwaa. Akapiga goti, akainuka. Mara ya pili, akasimama na kuanza kunyanyua miguu ya mbele. Afande akaacha kucheka. Niliuona uso wake. Ulikuwa umeshaamua. Akamwambia papa bila kugeuka, "Lete panga."

Niliingia kwenye duara. Sikukimbia, mtu hakimbii mbele ya farasi wa namna ile. Nikasimama nyuma ya bega la afande, mahali ambapo farasi angeniona.

"Afande," nikasema kwa sauti ambayo wote wangeisikia, "waonyeshe ile nyingine."

"Ipi?"

"Amri ya kulia. Hawajaiona. Hakuna mkufunzi mwingine anayeweza kumgeuza farasi hivyo. Ila kamba ilegezwe kabisa, kisha toa amri moja tu. Akisikia anageuka."

Alinitazama. Alitazama wenzake. Kifua kikapanda. Akalegeza kamba, akavuta pumzi, akanguruma kama yuko uwanja wa gwaride: "Kuliaaa... geuka!"

Wakati huo huo nilipiga hatua moja kuelekea bega la farasi na kushusha mkono. Farasi alishusha miguu ya mbele. Masikio yakacheza. Akageuka polepole, akaanza kutembea kulia, kwa miguu minne iliyokuwa ikitetemeka, lakini akitembea.

Viti vilianguka. Walisimama, wakapiga saluti, wakapiga kelele. Yule mnene alimkumbatia afande na kumpaka mafuta shingoni. "Amri moja! Mumeona? Amri moja!" Afande alikuwa na machozi. Kweli kabisa, machozi. "Nidhamu," alikuwa anasema. "Niliwaambia. Ni nidhamu tu."

"Sasa amri ya kusimama, afande," nikasema. "Halafu kwa kawaida akitii mara moja anapewa mapumziko. Ndiyo kanuni."

"Nani alisema?"

"Wewe ulisema. Makuruta wakitii wanapumzishwa."

"Kweli." Akawageukia wenzake. "Lazima ipumzike. Hiyo ni kanuni." Akatoa amri, nami nikatoa pumzi, na farasi akasimama.

Nilimpeleka kivulini nikamwosha. Mikono yangu ilinuka damu, mafuta ya mbuzi na marashi ya afande, kwa kuwa na mimi alinikumbatia. Papa alileta ndoo ya pili. Alikuwa anatabasamu kwa upande mmoja.

"Mama, ni wewe ulimugeuza. Mimi niliona mukono."

"Nyamaza, papa."

"Ninanyamaza. Lakini niliona."

Harusi ilipita vizuri. Bwana harusi alikuwa mwepesi, kijana mwenye adabu, na nilitembea mbele na kamba imelegea, farasi nyuma yangu kama mtu aliyechoka anayerudi nyumbani. Kidonda tulikificha kwa maua. Ndege ndogo ya picha iliruka mbali kidogo, niliomba hivyo. Baada ya chakula afande alichukua kipaza sauti na kuwaeleza wakwe, kwa robo saa, jinsi alivyomfundisha mnyama kwa nidhamu ya kijeshi, na jinsi alivyogundua kwamba upande wa kulia nao unahitajika. Watu walipiga makofi. Nilipiga makofi. Sahani ya pilau ilikuwa mapajani mwangu na nilishindwa kula hata tonge moja.

Papa alikuja kukaa kando yangu na soda yake. "Mama, siku gani utamuambia ukweli?"

"Siku farasi atakapokufa kwa uzee."

Alicheka sana. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahisi kama nimelamba kitu ambacho maji hayakitoi.

Lakini nikuambie jambo kwa uaminifu, wewe ambaye huenda nawe una mnyama mikononi mwa mtu wa namna hii. Wiki iliyofuata afande aliniomba nimwandikie kanuni zake ubaoni, kwenye mlango wa banda. Niliziandika kama alivyozitamka, nikiongeza maneno hapa na pale: kushoto dakika kumi, kulia dakika kumi, kwenye nyasi, bila waya, akitii apumzishwe. Anazifuata neno kwa neno, maana zimeandikwa na ni zake. Kwato zinarudi umbo. Kidonda kimebaki kovu.

Nami bado nakwenda Bwera kila Ijumaa. Nikifika namsalimu afande kwanza, namuuliza farasi wake amejifunza nini kipya, namsikiliza mpaka amalize yote. Kisha naomba ruhusa ya kumwona.